Ukisikia "Paukwa!" Usinyamaze: Stori Haiendi Bila Wewe

"Paukwa!"

Kama kichwa yako imejibu "Pakawa!" bila kufikiria, basi wewe ushafunzwa kazi ya msikilizaji.

Wengi hudhani hizo ni salamu tu. Zii. Mtambaji akisema "Hadithi, hadithi!" anaomba ruhusa. Mkijibu "Hadithi njoo!" mmempa nafasi, na pia mmekubali awadanganye vizuri: sungura ataongea, zimwi litajifanya kijana mtanashati anayetafuta bibi, na hakuna wa kuitisha ushahidi. Wakikuyu wana yao: "Ugai itha!" na watu wanajibu "Itha!" Mpango ni ule ule.

Sasa sikiza lugha yenyewe. "Akatoka, akafika mtoni, akainama, aka..." Kila "-ka-" inadai nyingine. Mtambaji mjanja hunyamaza hapo, mpaka mtoto fulani huko nyuma ashindwe kuvumilia: "Akafanya?" Ndio "chubwi!" inakuja, na kila mtu ashaona maji.

Base ya jaba nayo iko na sheria zake. Hakuna paukwa, lakini msee akianza "Wazee, si jana..." lazima kuwe na mmoja wa kuitikia "eeh" na mwingine wa kumkatiza "wacha uongo!" Huyo wa pili hapingi. Anamwambia aongeze chumvi.

Pale moto huwaka ni kwa lafudhi. Daniel Ndambuki, yule Churchill wetu, alijenga jina redioni kama Mwalimu King'ang'i, na lafudhi ya Kikamba. Yeye mwenyewe ni Mkamba, so ilipita. Lakini mchekeshaji akivaa lafudhi ya watu wengine, usimwangalie yeye. Angalia wenye lafudhi hiyo ukumbini: wanacheka pamoja na wengine, ama wanapima kwanza jirani anacheka aje? Mimi naona hapo ndipo unajua kama ni utani ama ni matusi yamepakwa sukari.

Na hao wako na nguvu kuliko wanavyodhani. Mstari wa mbele ukinuna, mwenye maiki anageuza stori haraka, anarudi kwa mamake ama kwa umaskini wake mwenyewe. Kwa simu haiwezekani. Unaeza nuna mpaka kesho, klipu inaendelea tu, na vicheko ni vya watu waliorekodiwa mahali hukuwa.