Kichezeo Kinachomngoja Mtoto



Mjukuu wangu alipotimiza miezi sita nilimnunulia mnara wa plastiki wenye taa za rangi, unaozunguka na kuimba ukibonyezwa kitufe. Niliuchagua kwa sababu ulikuwa ghali kuliko vyote dukani. Juma moja baadaye nilipita nyumbani kwa binti yangu baada ya Alasiri. Mtoto alikuwa ameegemezwa kwenye mito, macho kayakodolea zile taa, mikono imelala mapajani. Nilimwita, hakugeuka. Niliuzima mnara, akalia.

"Mwanangu, amekaa hivi kwa muda gani?" nilimuuliza mama yake.

"Tangu alipoamka, Baba, yapata saa nzima na zaidi," alijibu kutoka jikoni. "Nikiuzima analia, na mahamri ya watu hayajikaangi."

Sikuwa na la kumjibu. Kichezeo nilikileta mimi, na mahamri hayo ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mama mwenye mikono miwili na kazi za mikono minne.

Vichezeo vya mtoto mchanga ni vya namna mbili. Vipo vinavyotenda vyenyewe, mtoto akabaki mtazamaji: taa zinazowaka, visanduku vinavyoimba, na simu tunayoiegemeza mbele yake. Na vipo visivyofanya lolote mpaka mtoto avishike: kayamba, bakuli, mpira wa kitambaa, kijiko cha mbao. Vya kwanza humpa mtoto kila kitu, vya pili humngoja.

Sisemi kwamba vya kutazama havina kheri. Mtoto wa miezi miwili, ambaye mikono yake bado haimtii, hufaidika kwa kukifuata kwa macho kitu kinachopita taratibu mbele yake, na aliyechoka hutulizwa nacho. Lakini afikapo miezi minne au mitano, mkono huanza kutafuta. Hapo hujifunza kwamba akitikisa panalia, akisukuma panaanguka, na kilichofunikwa hakijapotea. Elimu hiyo haipati kwa kutazama peke yake. Basi mizani ni hii: cha kutazama kipewe muda mfupi, na sehemu kubwa ya saa anazokuwa macho iachiwe mikono na miguu yake.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 unaokubaliana na hayo. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja acheze sakafuni mara kadhaa kwa siku. Asiyetambaa bado alazwe kifudifudi akiwa macho, kwa jumla ya dakika 30 au zaidi kwa siku, zikigawanywa. Asifungwe kitini wala mgongoni kwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Ama skrini, asiwekewe.

Wanavyuoni wetu nao hawakughafilika. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, alinasihi katika Tuhfatul Mawdud kwamba mtoto mchanga ahifadhiwe na sauti kali zinazomshtua. Vichezeo vingapi leo hupiga kelele hata mtu mzima akaziba masikio?

Kwa mama mwenye kazi, nashauri hivi. Tandika mkeka mahali unapomwona, mbali na jiko na mafuta ya moto. Mwekee vitu viwili au vitatu tu, kesho ubadilishe. Bakuli na kijiko vyatosha, au leso ya kujifunika uso na kujifunua. Chochote kinachoweza kuingia chote kinywani kiondolewe. Na jihadharini sana na betri ndogo za duara zinazofanana na kifungo: mtoto akimeza moja, yaweza kumchoma koo kwa ndani hata kabla ya saa 2 kupita. Kimbilieni hospitali bila kungoja dalili. Na mtoto asiyeshtushwa na sauti, au aliyefika miezi tisa bila kuweza kuketi mwenyewe, apelekwe kliniki, wala mama asilaumiwe.

Nanyi akina baba na mababu, msiseme mtoto ni shughuli ya wanawake. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimbeba mjukuu wake Umama akiwa ndani ya swala, akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Kama swala haikumzuia, sisi tunazuiwa na baraza gani?

Mimi na binti yangu tulikubaliana. Mnara hufunguliwa kwa robo saa, wakati anapoyaopoa mahamri kwenye mafuta, kisha hufichwa. Nami baada ya Alasiri huketi mkekani na mjukuu wangu mpaka karibu na Magharibi. Siku tatu za mwanzo aliulilia mnara wake, na magoti yangu nayo yalilalamika. Siku ya nne alikipata kijiko, akaligonga bakuli, kisha akaniangalia na kungoja. Nikagonga langu. Akagonga tena.

Mama yake alichungulia kutoka jikoni, mikono imejaa unga, akacheka.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.