UKIPANDA PIKIPIKI, NANI ANALIPA KICHWA CHAKO?



Simama siku moja asubui mbele ya mlango mkubwa wa mgodi, wakati wa kubadilisha zamu. Utaona nini? Zamani watu wa kazi walikuja kwa miguu toka kambi, ao kwa kinga, ao ndani ya basi ya kampuni. Leo pikipiki ndizo zinajaza pahali pa kuegesha. Na wale wasiokuwa na pikipiki yao wanaletwa na taximani, wale ambao watu wa Lubumbashi wanawaita manseba.

Hatusemi kwamba pikipiki ni kitu kibaya. Inapita pahali ambapo motokari haiwezi kupita. Katika mavijiji mengi, ni juu ya pikipiki munganga wa santé anakwenda kuchukua chanjo za watoto ndani ya sanduku la barafu, na ni juu ya pikipiki mama mwenye uchungu wa kuzaa anafikishwa hospitali. Vijana wengi wanakula na kulisha jamaa kwa sababu yake. Lakini pikipiki haina milango, haina mukaba, haina kitu cha kukinga mwili. Ukuta wake ni wewe mwenyewe.

HESABU YA FUNDI

Katika mgodi, mtu anayefanya kazi juu kupita metre 2 anavaa mukaba wa usalama na kuufunga kwenye kitu kigumu. Hakuna fundi anayekataa, kwa maana kila mmoja anaogopa kuanguka. Sasa tufanye hesabu. Mtu anayekwenda na pikipiki kwa mbio ya kilometre 40 kwa saa, akigonga kitu na kusimama gafula, anapata pigo sawa na mtu aliyeanguka toka juu ya metre 6. Kwa kilometre 60, ni sawa na kuanguka toka metre 14, maana yake nyumba ya etaji nne. Kwa kilometre 80, ni metre 25.

Basi tuulizane: mtu anayekataa kupanda metre 3 bila mukaba, namna gani anakubali kupanda «metre 14» kila asubui na kichwa kitupu?

Kuna tena hesabu ya pili. Toka wakati macho yanaona mbuzi katika njia mpaka mkono unakamata freni, inapita karibu segonde 1. Kwa kilometre 60 kwa saa, pikipiki imekwisha kwenda metre 17 mbele ya freni kuanza kazi yake. Mbuzi hatakungojea.

KASKE YA MGODI SI KASKE YA NJIA

Hii ndiyo neno tunaloomba kila msomaji alishike. Wafanyakazi wengi wanatoka kazini na kaske yao ya mgodi kichwani, wanapanda pikipiki, na wanafikiri wamekwisha kujikinga. Hapana. Kaske ya mgodi imetengenezwa kwa kitu kinachoanguka toka juu: jiwe, bulo, chombo cha kazi. Haikingi masikio, haikingi nyuma ya kichwa, haikingi taya. Mtu akianguka katika njia, kaske ile inatoka ya kwanza, na kichwa kinafika chini kikiwa kitupu.

Kaske ya pikipiki ina ganda gumu inje, na ndani ina povu nene nyeupe. Ile povu ndiyo dawa yenyewe: wakati wa pigo inabonyea, na inakula nguvu ambayo ingeingia ndani ya ubongo. Lakini inafanya kazi hiyo mara moja tu. Kaske iliyokwisha kupata pigo kubwa, hata kama inje inaonekana nzuri, imekwisha kufa. Kwa hiyo usinunue kaske ya mtu mwingine pa soko bila kujua habari yake.

Ukitaka kununua, angalia mambo haya:

1. Nyuma ao ndani ya kaske kuwe na alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba. Ni alama ya sheria namba 22 ya Umoja wa Mataifa juu ya kaske. Lakini kuna watu wanaoiga alama. Basi bonyeza ndani kwa kidole. Ukikuta sifongo laini tu bila povu ngumu, uache.

2. Vaa, funga kamba, tingisha kichwa. Kaske ikicheza, ni kubwa mno. Jaribu kuitoa kwa kuisukuma toka nyuma. Ikitoka, haikufai.

3. Kamba ipite chini ya kidevu, na vidole viwili tu viweze kuingia. Kaske isiyofungwa ni kama kufuli bila ufunguo.

Na kwa abiria: tunajua mnavyosema, kwamba kaske ya taximani inanuka, inaleta wadudu. Ni neno la kweli, na lina dawa. Beba kitambaa chepesi kisafi, uweke kichwani mbele ya kuvaa, na ukifika nyumbani ukifue. Jasho la mtu mwingine halikuua bado mtu. Lami imeua wengi.

HABARI TOKA INCHI ZINGINE

Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu karibu milioni 1 na elfu 190 walikufa katika ajali za barabara. Mmoja kati ya watano alikuwa juu ya pikipiki ao chombo cha magurudumu matatu. Waganga waliokusanya uchunguzi wa inchi nyingi waliona kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa 42 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia.

Tazama Vietnam. Ni inchi ya pikipiki kupita zote tunazozijua. Tangu tarehe 15 desemba 1997? Hapana, ni mwaka 2007: siku ile serikali iliamuru kila mtu, dereva na abiria, avae kaske katika kila barabara, na polisi wakasimamia kweli. Mbele ya siku ile, watu karibu 40 kwa mia walivaa. Kisha muda mfupi walipita 90 kwa mia. Katika mahospitali yaliyochunguzwa, miezi mitatu kisha amri, hatari ya kuumia kichwa ilishuka kwa 16 kwa mia, na hatari ya kufa kwa 18 kwa mia. Barabara zilikuwa zilezile, pikipiki zilezile, watu walewale.

FEZA YA SERIKALI, FEZA YETU

Hapa ninasikia ndugu wengi wakijibu: «Barabara imejaa mashimo, serikali haifanyi kitu, na wewe unaniambia ninunue kaske?»

Neno hilo si la upumbavu, na tulijibu vizuri. Katika inchi yetu, sheria namba 08/006-A ya tarehe 7 julai 2008 ilianzisha mfuko wa kutengeneza barabara, FONER. Unajazwa na nini? Na feza inayokatwa juu ya mafuta ya motokari na pikipiki, na feza ya péage. Maana yake, kila mara unapotia litre moja ndani ya pikipiki yako, umelipa kwa barabara. Wewe si mwombaji. Wewe ni mlipaji. Una haki ya kuuliza shimo lililo mbele ya soko litazibwa lini, kwa nini kilima cha kupunguza mbio hakina rangi wala alama, na kwa nini kandokando ya njia hakuna pahali pa pikipiki kukimbilia wakati makamyo ya madini yanapita. Uliza katika kartie, uliza kwa njia ya wajumbe wa sendika, uliza kwa adabu, lakini uliza.

Na kuna pahali pengine ambapo feza kidogo ya serikali ingefanya kazi kubwa: kufundisha taximani mbele ya kumpa permi, na kuchunguza kaske kwenye mpaka ili zile za sifongo tu zisiingie. Sheria ya barabara tunayo tangu tarehe 30 agosti 1978. Kinachohitaji feza ni kuisimamia.

Lakini sikiliza upande wa pili. Mfupa wa paja ukivunjika, damu litre 1 na zaidi inaweza kumwagika ndani ya mguu bila kuonekana, na mtu mzima ana karibu litre 5 tu. Mfupa ule unaomba miezi 3 mpaka 6 kupona. Kichwa kikiumia ndani, pengine hakiponi tena: baba anarudi nyumbani asijue majina ya watoto wake. Mfuko wa barabara haulipi kitu hicho. Hakuna mfuko unaokilipa.

AJALI YA NJIA: JAMAA YAKO IJUE

Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 julai 2016, sheria ya CNSS, inahesabu ajali ya njia kuwa ajali ya kazi: toka nyumbani kwenda kazini, na toka kazini kurudi nyumbani. Lakini kuna sharti moja. Safari isikatwe wala isipindwe kwa mambo yako mwenyewe. Ukitoka zamu ukapinda kwenda kunywa lutuku kwa rafiki, kisha ukaanguka, ile si ajali ya njia tena. Mke na watoto wanaweza kupoteza haki yao kwa sababu ya chupa moja. Basi fuata njia yako ya kila siku, na ukipata ajali, hata ndogo, mkubwa wako wa kazi na dispensaire wapashwe habari siku ileile.

Na asiransi usiidharau: tangu mwaka 1973 kila chombo cha moteri kinalazimishwa kuwa nayo, ili yule utakayemgonga asibaki bila msaada.

UKIKUTA MTU ALIYEANGUKA

• Kwanza simamisha motokari zingine, ili usiwe mgonjwa wa pili.
• Usivute kaske yake, isipokuwa hapumui. Shingo inaweza kuwa imevunjika. Fungua tu kioo cha mbele.
• Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa kisafi, usiachilie.
• Usimpe maji wala kinywaji chochote. Pengine atapelekwa kupasuliwa.
• Usimpakie juu ya pikipiki nyingine, akikaa katikati ya watu wawili. Tunaona jambo hilo mara nyingi. Watu wanalifanya kwa huruma, lakini mtu aliyeweza kupona anafika asiweze tena kutembea. Tafuta motokari, mlaze juu ya ubao ao mlango, kichwa na mwili vikae katika mstari mmoja.

NENO KWA MAMA WA NYUMBA

Mama, mtoto aliye mgongoni mwako juu ya pikipiki hana kinga. Mkianguka kinyumenyume, utamwangukia wewe mwenyewe. Watatu na wanne juu ya pikipiki moja, hapana. Ukimwona bwana yako anatoka asubui bila kaske, ao na kaske inayoning'inia kwenye mkono, mrudishe. Usiogope kukawisha kazi kwa dakika moja.

Ndugu, feza ya barabara tutaidai pamoja. Kamba ya kaske, kila mtu aifunge mwenyewe.