Mchanga Chini ya Daraja la Umoja

Aghalabu mtu akisimama darajani huuliza litastahimili malori ya uzito gani, ilhali mhandisi aliyezoea mito ya mchanga huinama kwanza akatazama maji yanavyojipinda miguuni mwa nguzo. Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, ambalo azma ya kulijenga ni ya tangu zama za Mwalimu Nyerere na Samora Machel, na ambalo Rais Kikwete na Rais Guebuza walilifungua Mei 2010, launganisha Mtambaswala ya Tanzania na Negomano ya Msumbiji, mahali ambapo Lugenda humiminika katika Ruvuma, katika nchi ya watu walio na jamaa zao ng'ambo zote mbili.

Ruvuma wakati wa kiangazi hunywea hata ukabaki mikondo michache katikati ya mafungu ya mchanga, na mvua zikinyesha hujaa ukaenda kwa ghadhabu. Hapo maji yakikabiliana na nguzo hugawanyika, na sehemu yake huteremka mbele ya nguzo hadi chini, yakajizungusha yakichimba mchanga na kuuchukua. Hila yenyewe ni kwamba gharika ikipungua mchanga mwingine hurejea ukalifukia shimo, hata mpita njia akaona kila kitu salama, kumbe saa ile nguzo ilipohitaji mno kushikwa ndipo iliposhikwa kidogo kabisa. Kwa hiyo misingi katika mto wa namna hii haina budi kuzamishwa kupita kina ambacho gharika kubwa yaweza kuchimba.

Juu nako zege lina tabia zake: hustahimili sana kukandamizwa, bali likivutwa hupasuka, ndiyo maana hutiwa nondo. Fauka ya hayo, jua likizidisha joto kwa nyuzi 20, zege la urefu wa daraja hili hutanuka kwa jumla takriban sentimita 14, basi huachiwa nafasi kwenye viungo. Ule mgongano wa tairi usikikao ukipita juu ya viungo hivyo si kasoro ya fundi, ingawa madereva humlaumu.

Rangi ya vyuma vya pembeni huonekana na wakubwa wajapo kuzuru, na kwa hiyo hupata fedha upesi. Kupima kina cha mto kando ya kila nguzo, maji yangali yamejaa, ni kazi ngumu isiyo na mtazamaji, nami ningeitangulizia fedha hiyo.