Treni au boti: hesabu ya wanaolea wachezaji Katanika

Kandanda la vijana wa Katanika, kando ya mji wa Kalemie nchini Kongo, linaendeshwa kwa fedha ya ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika. Ndivyo anavyosema mfanyabiashara mmoja wa samaki mjini Kalemie, ambaye sehemu ya faida ya magunia yake huiingiza katika kituo cha mazoezi cha vijana wa umri wa sekondari: mipira, viatu, nauli za mechi za ugenini, na minervali, yaani ada za shule, za wale ambao nyumbani hakuna kitu. Giza likiingia na taa za wavuvi zikijaa ziwani, kituo kinanunua. Mbalamwezi ikishika, taa hazivuti samaki, na kituo kinakopa.

Mzee huyu ana kero moja, na akianza kuisimulia hamalizi upesi. Anampokea mtoto mwenye miaka 12 ambaye hajawahi kuvaa viatu vya mpira. Anamlea misimu mitano au sita, anakwenda kumwombea kwa mkuu wa shule asifukuzwe kwa ajili ya ada, anamlipia hospitali akiumia goti. Kijana akishaiva, anatokea mtu kutoka Lubumbashi, mara nyingi katika likizo ya Julai na Agosti. Mgeni anatazama mechi moja au mbili, anazungumza na mama wa kijana, anaacha viatu na mipira kama shukrani, na kijana anapanda treni ya kupitia Kabalo na Kamina. Hakuna karatasi inayoandikwa. Siku moja habari inafika Katanika kwamba ametia saini mkataba na klabu kubwa. Siku nyingine, kwamba ameuzwa nje ya nchi. Kituo hakioni hata franka. Na mzee anadai kuwa safari moja aliletewa barua ya Kifaransa aitie saini, akaitia kwa kuamini ni ya kumtakia kijana safari njema, kumbe ilikuwa ya kuachia haki zote za malezi.

Hayo ni maneno ya upande mmoja, na wanaokuja kuchukua vijana wana ya kwao: kwamba wachache mno kati ya wanaopelekwa Lubumbashi hupata mkataba, kwamba anayelipa chakula na malazi ya hao wengine wote ni klabu, na kwamba kijana wa Katanika anafika bila kitambulisho wala cheti cha daktari. Lakini kero ya mzee ikiwekwa kando ya kanuni za kandanda la kimataifa, inabaki na uzito. Yeye anaiita wizi. Ukizisoma kanuni zenyewe, utaona kwamba hata mgeni yule angekuwa mwaminifu kabisa, njia ya treni ingemnyima mzee sehemu kubwa ya fedha.

Tangu 2001 kanuni za dunia za uhamisho wa wachezaji zina mifuko miwili ya kumlipa aliyemlea mchezaji. Wa kwanza ni fidia ya mafunzo. Mchezaji anapotia saini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, klabu inayompokea hudaiwa na kila klabu iliyomfundisha kuanzia mwaka anaofikisha miaka 12, ikiwa mkataba huo unafanyika kabla ya kumalizika mwaka anaofikisha miaka 23. Wa pili ni mchango wa mshikamano, yaani asilimia 5 ya bei ya kumuuza mchezaji ambaye mkataba wake haujaisha. Hii hugawiwa walezi wake wa umri wa miaka 12 hadi 23: robo ya asilimia kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, nusu ya asilimia kwa kila mwaka kuanzia 16.

Tuchukue kijana aliyekaa Katanika misimu sita, kuanzia wa miaka 12 hadi wa miaka 17. Akiuzwa baadaye kutoka Lubumbashi kwenda nje kwa dola 500,000, mchango wa mshikamano unaomhusu mzee ni asilimia 2, yaani dola 10,000. Si haba kwa mtu anayenunua mipira kwa msimu wa samaki. Ila akiondoka mkataba wake ukiwa umekwisha, hakuna bei, na asilimia 2 ya sifuri ni sifuri.

Kwenye fidia ya mafunzo ndiko hasara kubwa ilikojificha. Mfuko huu unafunguka mpaka unapovukwa. Kijana akitia saini mkataba wake wa kwanza Lubumbashi, hajavuka mpaka wowote, kwa hiyo kanuni ya dunia haimpi mlezi wa Kalemie chochote. Anabaki kutegemea taratibu za ndani na hisani ya klabu. Na Lubumbashi ikimuuza Ulaya mwaka wa tatu, wakati huo akiwa tayari mchezaji wa kulipwa, anayelipwa fidia ni klabu ya mwisho tu, kwa muda aliokaa kwake. Misimu sita ya Katanika imeshafutika katika hesabu. Nani aliwahi kumweleza hilo mtu wa ndagala?

Linganisha na kijana yuleyule akivuka ziwa. Tuseme ametimiza miaka 18 na mkataba wake wa kwanza anautia saini Tanzania, katika klabu iliyowekwa daraja la tatu la gharama za mafunzo. Viwango vya Afrika ni dola 30,000 kwa msimu katika daraja la pili, 10,000 katika la tatu na 2,000 katika la nne, na misimu minne ya kwanza huhesabiwa kwa kiwango cha daraja la nne. Misimu minne kwa 2,000 ni 8,000. Miwili kwa 10,000 ni 20,000. Jumla dola 28,000, nazo hulipwa hata kama hakuna aliyemnunua kwa bei yoyote. Kwa mlezi, boti ya kwenda Kigoma, upande wa Tanzania, ina thamani zaidi kuliko treni ya Lubumbashi. Hesabu hii ni rahisi, lakini Kalemie biashara nzima inakwenda kinyume chake.

Ofisa mmoja wa kandanda katika jimbo la Tanganyika haoni sababu ya malalamiko. Namba anayoipenda ni dola milioni 400. Hicho ndicho kiasi kilichotajwa na wakuu wa kandanda duniani kuwa walezi wa wachezaji wanastahili kupata kila mwaka, wakati zilizokuwa zikiwafikia ni kati ya milioni 70 na 80. Ili kuziba pengo hilo, mwaka 2022 ilifunguliwa Paris taasisi ya kupitisha malipo yote, inayofuata historia ya mchezaji kwenye pasipoti ya kielektroniki na kumlipa kila mlezi bila mlezi kulazimika kudai. Kwa maelezo ya ofisa huyo, tatizo lilikwisha hapo. Fedha itamfikia anayestahili hata akiwa Katanika.

Namba ni ya kweli, ila ni ya dunia nzima, na sehemu kubwa yake hubaki Ulaya na Amerika Kusini, ambako kila mtoto anayegusa mpira wa klabu ameandikishwa. Mfumo wa Paris husoma usajili uliofanywa na shirikisho la nchi. Kijana aliyecheza misimu sita katika kituo ambacho hakijajiunga na ligi ya eneo, jina lake likiwa kwenye daftari la shule lililoandikwa kwa kalamu, kwa mfumo huo hakucheza popote. Alipoulizwa ni watoto wangapi wa Kalemie wenye miaka 12 walioingizwa humo, ofisa alirudia milioni 400. Kuna kifungu kingine ambacho hakukigusa: mlezi akithibitika kuwa hayupo tena, sehemu yake ya mchango wa mshikamano inaweza kuchukuliwa na shirikisho la nchi kwa ajili ya kandanda la vijana. Wenye vituo wanakijua kifungu hicho kuliko anavyodhani, na wanauliza hao vijana waliofaidika nacho wako jimbo gani.

Shule ndizo zinazoumia kimya. Sehemu kubwa ya malezi ya mchezaji Kalemie hufanyika katika timu za sekondari: uwanja ni wa shule, mechi za ushindani ni za shule kwa shule, na mkuu wa shule ndiye anayeamua mchezaji hodari asome bila kulipa. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali nchini Kongo hazitozi ada, lakini sekondari zinatoza. Maana yake ni kwamba mtoto anaanza kuigharimu familia karibu katika umri uleule ambao dunia inaanza kuhesabu misimu yake. Hata hivyo timu ya shule isiyojiunga na shirikisho haina dai lolote. Kwa kanuni, mkuu wa shule aliyesamehe ada miaka sita hajulikani.

Hali hiyo si ya Kongo peke yake. Kenya, shule za sekondari za Kakamega na Kitale zimelisha ligi na timu ya taifa kwa miongo, na malipo yao makubwa yamekuwa vikombe vya ofisini. Marekani, katika jimbo la Minnesota, shule za sekondari zimekuwa na mashindano yao ya hoki ya barafuni tangu 1945 na zimetoa wachezaji wengi wa kulipwa, lakini pale gharama za shule ya umma zinabebwa kwa kodi ya wakazi, si kwa mfuko wa mtu mmoja. Uganda walitafuta njia nyingine. Kitende, kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe, shule ya sekondari na klabu ya ligi kuu zimekuwa chini ya mwenye mali mmoja, hivyo kijana akitoka darasani kwenda mkataba, fedha haitoki nyumbani. Katanika hakuna mwenye uwezo wa kujenga hivyo. Kituo kujiunga na ligi ya mji kwa jina lake, na shule kuwa mshirika wa kituo kwa mkataba wa maandishi, ni jambo dogo zaidi na linawezekana.

Kinachokwamisha hata hilo ni cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Kongo inampa mzazi siku 90 kuandikisha mtoto bila malipo. Zikipita, ni mahakama. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017 na 2018 ulikuta takriban watoto 4 kati ya 10 wenye umri chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa. Katanika hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa hapa ndipo familia nyingi zilizokimbia mapigano ya Watwa na Waluba zilipopiga kambi miaka hiyohiyo, na waliotoroka usiku hawakubeba makaratasi. Bila tarehe ya kuzaliwa iliyo thabiti, msimu wa miaka 12 hauwezi kuthibitishwa, na wanunuzi wa nje wameshajifunza kuushuku umri wa mchezaji wa Kongo.

Boti nayo ina masharti yake. Mchezaji chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa kimataifa ila kwa nafasi chache. Mojawapo ni ya watoto wa mipakani, ambayo inataka nyumba na klabu visizidi kilomita 100 baina yao. Kalemie na Kigoma, hata kwa mstari ulionyooka juu ya maji, zinazidi. Lazima kijana asubiri miaka 18. Na Ligi Kuu ya Tanzania, iliyoruhusu hadi wageni 12 kwa klabu, imezoea kununua Wakongo waliokwisha kupikwa Kinshasa na Lubumbashi. Mmoja wao alimaliza Kombe la Shirikisho Afrika la 2022/23 akiwa na mabao 7 kwa klabu ya Dar es Salaam, akauzwa Misri mwaka huohuo. Bei za namna hiyo zinawafanya wanunuzi wa Dar wamtafute aliyekwisha kujulikana. Klabu ndogo za Kigoma zingeweza kumjaribu kijana wa Kalemie, ila klabu ya daraja la nne haidaiwi fidia yoyote.

Kwa hiyo matumaini yapo, lakini ni membamba. Hata fedha ya ndagala ina kikwazo chake: nchi nne zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa ajili ya kulinda samaki, na hiyo ni miezi ambayo vituo vinahitaji fedha kuliko wakati wowote, kwani ndipo wageni wanapokuja kutazama. Baadhi ya makocha wanasema wataanza kuandikisha watoto wa miaka 12 msimu ujao. Mmoja amekwisha kuuliza mahakamani gharama ya vyeti vya kuzaliwa. Matunda ya kazi hiyo, ikifanyika, hayatavunwa kabla ya miaka sita.

Mzee wa ndagala ameelezwa hesabu ya dola 28,000 na ameielewa vizuri, maana ni mtu wa mizani. Bado anasema kijana wake wa sasa, mshambuliaji wa mguu wa kushoto aliye mwaka wa mwisho wa sekondari, atakwenda Lubumbashi. Huko kuna mtu anayepokea simu yake. Kigoma anawajua wanunuzi wa samaki tu.