Fisi, Kobe na Kiboko: Umbo na Urafiki katika Hadithi za Watoto

Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki, umbo la mnyama hubeba historia ya tabia yake. Fisi huchechemea kwa sababu ya ulafi. Gamba la kobe lina nyufa kutokana na kosa alilolitenda zamani. Ngano hizi za usuli ni hazina isiyopingika. Hata hivyo, mtoto wa darasa la kwanza huweza kuvuna humo mantiki ya hatari: kwamba mwili wenye kasoro ni ushahidi wa uovu. Iwapo darasani ameketi mwenzake mwenye kibiongo, au kovu la moto usoni, mantiki hiyo haitakomea hadithini. Wakati wa mapumziko itageuka dhihaka.

Kuzitupa ngano hizo si dawa. Kinachohitajika ni kuziambatanisha na visa vya mkondo mwingine, na Pwani ya Kenya inacho kimoja kilichotokea kweli. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliokolewa baharini karibu na Malindi, akiwa peke yake. Alipewa jina Owen na kupelekwa Haller Park, Mombasa, ambako aliishi kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Owen alimkimbilia na kujibanza nyuma yake. Mzee alimfokea na kujitenga. Kiboko alimfuata. Baada ya siku kadhaa walikuwa wakila, wakiogelea na kulala pamoja. Mwaka 2006 kisa hicho kilichapishwa Marekani kama kitabu cha watoto.

Utamu wa kisa umejificha mwanzoni. Inadhaniwa kwamba Owen alivutwa na rangi ya Mzee na mgongo wake wa mviringo, vilivyofanana na vya kiboko mzima. Yaani urafiki huu ulianza kwa kutazama umbo! Mzee naye aliona mgeni tu. Kilichowaunganisha ni siku walizokaa pamoja baada ya hapo. Kwa hivyo, mtoto anapoambiwa asitazame sura ya mwenzake, huamrishwa jambo lisilowezekana, kwani jicho hutangulia daima. La kumfunza ni kutoondoka mapema: kuketi, kucheza na kula na yule aliyemshtua mwanzoni.

Swali moja lafaa kuulizwa darasani: je, Mzee alikuwa mbaya alipomfokea Owen? Aidha, mwisho usifichwe. Mwaka 2007 Owen alitenganishwa na Mzee, kwa kuwa ilihofiwa uzito wake ungemdhuru kobe, akakutanishwa na kiboko mwenzake, Cleo. Watoto waliowahi kuhama mtaa au shule watakuwa na mengi ya kusema kuhusu rafiki aliyebaki nyuma.