Kukagua Chumba Kilichoongezwa Kabla ya Malipo ya Mwisho

Mkazi anayeongeza chumba kwenye nyumba yake hana budi kukikagua kabla ya kumlipa fundi fedha za mwisho. Ukaguzi ufanyike mchana, fundi akiwapo, kwani rangi mpya huficha mengi.

Kasoro zote hazina uzito mmoja. Nyufa nyembamba kama unywele juu ya lipu aghalabu hutokana na lipu kukauka upesi bila kumwagiliwa maji ya kutosha. Hizo huzibwa na kupakwa rangi upya. Ufa unaokata ukuta kwa mshazari na kuendelea kupanuka huweza kuwa dalili ya msingi kutitia, nao usizibwe kabla chanzo chake hakijajulikana. Maungio ya ukuta wa zamani na mpya yaangaliwe zaidi, kwa kuwa msingi mpya huendelea kutulia ilhali ule wa zamani umekwisha kutulia.

Unyoofu wa ukuta hupimwa kwa timazi. Kigae kikigongwa kwa sarafu na kulia kama debe tupu, saruji haikuenea chini yake. Maji yakimwagwa bafuni yaelekee kwenye tundu, yasituame. Mahali paa jipya linapokutana na la zamani pasivuje.

Kasoro ziorodheshwe kwa maandishi na kutiwa saini na pande zote mbili, na sehemu ya malipo izuiwe hadi zirekebishwe. Sharti hilo liwekwe katika makubaliano tangu mwanzo. Kwa ufa unaotia shaka, mkazi aombe ushauri wa mhandisi wa Halmashauri.