Vipimo vya maji: Nafuu ya maabara yaweza kuwa hasara ghalani

WATENGENEZAJI wa maji ya chupa na wenye hoteli za ufukweni wote hupeleka sampuli maabara, lakini mahitaji yao hayafanani. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka bakteria E. coli, dalili ya kinyesi, asionekane kabisa katika mililita 100. Kwa maji ya kuogelea baharini, agizo la Umoja wa Ulaya la 2006 linatoa daraja la juu iwapo asilimia 95 ya vipimo haivuki E. coli 250 kwa ujazo huo huo, na enterokoki 100.

Njia kongwe ni ya mirija mingi. Haihitaji mitambo ghali na hustahimili maji ya tope. Hata hivyo, huchukua kati ya saa 48 na 96, na jibu lake ni makadirio.

Njia ya chujio hupitisha mililita 100 kwenye utando wenye matundu ya maikromita 0.45. Utando huo huwekwa juu ya lishe ya bakteria, na baada ya siku moja hivi makundi yaliyoota huhesabiwa. Maji ya tope huuziba.

Unga wa Colilert, ulioidhinishwa Marekani mwaka 1989, hutoa jibu kwa saa 24: rangi ya njano ni kolifomu, mng'ao wa bluu chini ya taa maalumu ni E. coli. Kazi ni ndogo, ila kwa Afrika Mashariki kila sampuli inakula bidhaa ya kuagizwa nje kwa fedha za kigeni.

Kipimo cha vinasaba hutoa jibu kwa saa chache. Jiji la Chicago lilianza kukitumia katika fukwe zake zote mwaka 2017, kwa kuwa majibu ya kuotesha yalieleza maji ya jana. Kasoro yake ni kuhesabu hata bakteria waliouawa na klorini, hivyo hakifai kwa maji yaliyotibiwa.

Kwa kiwanda, shehena inayosubiri cheti ni mtaji uliolala. Siku tatu za ziada ghalani zaweza kumeza nafuu yote ya mirija. Kwa hoteli, jibu la kesho halimzuii mgeni anayeoga leo. Anayeuliza bei ya kipimo aulize pia jibu litatoka lini.